Kipande cha Kujaribia

Mwalimu wa sayansi kimu alikuwa na maneno mawili tu ya kusahihishia. Fumua, na Pita. La kwanza lilisikika kila siku ya shule kwa miaka thelathini na moja. La pili, waliowahi kuambiwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vilibaki. Mumewe hakuambiwa. Binti yake hakuambiwa.

Wanafunzi walimwita Wembe. Si kwa sababu ya ulimi peke yake, ingawa ulimi nao ulikata. Wembe alikuwa nao kweli, upande mmoja ameuvika kipande cha ngozi usimkate mwenyewe. Aliuweka kwenye mfuko wa kifuani wa koti lake jeupe, pale wenzake wanapoweka kalamu. Akipita katikati ya meza, msichana anainua kazi yake juu kwa mikono miwili. Mwalimu haangalii. Anafumba macho, anapitisha dole gumba juu ya mshono, toka mwanzo hadi mwisho. Dole likikwaa, wembe unatoka. Krr, krr, krr. Kazi ya siku mbili imelala mezani vipande vipande.

"Fumua," anasema, na ameshafumua yeye.

Lakini alikuwa na mpaka. "Kitambaa kinavumilia kufumuliwa mara mbili," aliwaambia. "Mara ya tatu kinachanika. Na mtu ni vivyo hivyo." Kazi iliyokosewa mara ya tatu aliitupa kwenye ndoo ya matambara ya kupigia deki, na mwenye kazi ndiye aliyepiga deki.

Kwenye somo la kulea mtoto, darasa lilikuwa na mwanasesere mmoja wa mpira na beseni moja. Msichana mmoja alimwangusha mwanasesere majini mara tatu. Mwalimu akamtoa, akamkausha, akamfunika uso kwa leso. "Marehemu huyu ameacha mama mmoja asiyejali," akasema. Darasa zima likacheka. Msichana yule aliitwa Mfiwa mpaka anamaliza shule.

Ukatili huo aliupata wapi? Mama yake alikuwa mfua nguo kwenye nyumba ya watu wakubwa. Siku moja aliunguza shati la bwana, alama ya pasi ikabaki mgongoni kama jani. Bwana hakumfukuza. Alimvalisha lile shati, akaamuru alivae wiki nzima, sokoni alivae, bombani alivae. Mwalimu alikuwa na miaka minane, akitembea nyuma ya mama yake, uso ukitazamana na ile alama. Alipolisimulia jambo hilo ukubwani, mtu angetegemea machozi. Wapi.

"Angejaribu pasi kwanza kwenye kitambaa kingine," alisema. Akaishia hapo.

Ndiyo maana juu ya ubao wa darasa lake kulikuwa na maneno ambayo hayakufutwa muhula hata mmoja: JARIBU KWANZA. Kila msichana alianza kazi kwa kukata kipande cha mabaki, kukishona, kukigeuza, kutazama uzi wa juu na wa chini. Hapo ndipo anagusa kitambaa cha kazi.

Mumewe alikuwa fundi wa cherehani. Watu walimwita Fundi, na hilo lilimtosha. Shule hakukanyaga. Maandishi kwake yalikuwa kama njia ya siafu, unaona wanatembea, hujui wanaenda wapi. Lakini cherehani aliisikia. Ukikanyaga mara tatu ameshakwambia ni mkanda, ni bobini, au ni springi ya kukazia uzi. Kushona, hata kifungo hakujua. Kama kinyozi mwenye kipara.

Aliitwa shuleni kutengeneza cherehani nane za darasa la Mwalimu. Siku tatu alifanya kazi, siku tatu Mwalimu alisimama juu yake. Siku ya tatu jioni akamuuliza:

"Umeoa?"

"Bado, Mwalimu."

"Unakunywa?"

"Hapana."

"Ni msemaji sana?"

Fundi akatazama bisibisi yake.

"Basi utafaa," Mwalimu akasema.

Wakaoana. Jikoni mwa shule watu walicheka mpaka sufuria zikaungua. "Wembe umepata ala," alisema mmoja. Mama Mpishi, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akamjibu: "Ala ndiyo inayokatwa kwanza, mwanangu."

Fundi alipewa ajira palepale shuleni, kutunza cherehani, majiko na pasi. Mwalimu ndiye aliyemjazia fomu. Yeye aliweka kidole gumba kwenye wino. Nyumbani alimwita mkewe Mwalimu, hata chumbani. Akitandika kitanda, Mwalimu alikagua kona. Akiosha kikombe, Mwalimu alikinusa. Alizoea. Mtu huzoea hata kokoto kwenye kiatu, akiitoa anachechemea.

Wakapata binti mmoja.

Huyo alikuwa wa baba. Kabla hajakijua kijiko aliijua bisibisi. Alikaa chini ya benchi akimpokea baba skrubu moja moja, anazipanga kwa ukubwa. Kitu kikiharibika nyumbani, mlango, redio, mguu wa kuku, alisema: "Mpeni Baba. Baba akishika, imepona." Fundi hakusifiwa na mtu mwingine duniani. Maneno hayo aliyameza kama maji ya mtungi.

Akafika darasa la mama yake. Siku ya kwanza tu aliteleza, akasema, "Mama, sindano yangu imekatika."

"Mama yako yuko nyumbani," Mwalimu akasema. "Umfuate huko."

Na mtoto akatolewa nje, akasimama juani mpaka kengele.

Toka siku hiyo binti alikuwa na haja moja: kuambiwa Pita. Wenzake walitaka viatu, walitaka wavulana. Yeye neno. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alishona aproni. Dole la mama lilipita, halikukwaa. Mama akarudi mwanzo, akapitisha tena. Halikukwaa. Akafumbua macho.

"Rangi ya uzi imepishana na kitambaa. Fumua."

Jioni ile binti alikuja kukaa chini ya benchi, ingawa miguu ilikuwa mirefu, haiingii tena.

"Baba, halikukwaa. Nililiona kwa macho yangu."

"Najua, mama."

"Mtihani wa mwisho nitampata. Atasema tu."

"Atasema," Fundi akajibu. Alikuwa anaongopa, kwa mapenzi.

Ukaja mwaka wa mtihani. Atakayefaulu kushona angekwenda chuo cha ualimu, na binti chuo alikuwa ameshakiota mpaka kitanda chake cha huko. Mtihani ulikuwa gauni la mtoto, kwa muda wa saa tatu, mbele ya Mwalimu na mkaguzi kutoka nje. Namba za cherehani ziligawiwa kwa kura.

Siku moja kabla, alasiri, Fundi alikuwa anazipitia cherehani zote. Namba sita, springi ya kukazia uzi ikakatika mkononi. Nyingine mpya hana. Angeweza kumwambia mkuu wa shule, mtihani ufanywe kwa cherehani saba. Angeweza kumwambia mkewe. Lakini wiki ileile mkuu alikuwa ametamka mbele ya watu wote: atakayeiaibisha shule mbele ya mkaguzi, afunge virago. Fundi akachukua springi kuukuu ya cherehani iliyokufa, akaivuta kwa koleo mpaka ikafanana. Akashona mistari miwili. Ikakubali. Akajiambia itafika.

Asubuhi mkewe akamuuliza, akiwa anajifunga vifungo vya koti jeupe: "Zote nane ziko sawa?"

"Ziko sawa, Mwalimu."

Ndilo neno alilolisema. Maneno machache hayamwokoi mtu. Hata moja linatosha kumchoma.

Binti aliingiza mkono kwenye kopo la kura, akatoka na sita.

Fundi alikuwa dirishani, ameshika tambara la grisi, kama mtu anayefuta kioo. Aliona wasichana saba wakikata vipande vya kujaribia. Wa nane hakukata. Binti alipapasa cherehani kichwani, akainua macho, akamwona baba yake, akacheka. Baba akishika, imepona. Fundi akapunga tambara.

Angeweza kugonga kioo. Kioo kilikuwa hapo, ngumi ilikuwa hapo.

Saa tatu zikaisha. Juu gauni lilikuwa zuri, mshono umenyooka kama umepigwa rula. Mwalimu akaligeuza ndani. Huko uzi ulikuwa umejaa vitanzi na mafundo, ukivuta kidogo unatoka wote kama utambi.

"Mwalimu, labda ni mashine," akasema mkaguzi, mzee mpole mwenye miwani.

Mwalimu aliitazama namba sita. Akatazama dirishani. Kisha akasema, "Mashine zote ni nzima. Nimeuliza."

"Mama…" binti akasema.

"Humu ndani sina mtoto."

Akatoa wembe. Gauni lile hakulifumua mshono mmoja. Alilifumua lote: mikono, kola, pindo, mfuko mdogo wa kifuani. Krr, krr, krr, mbele ya mkaguzi na wasichana saba, na yule wa nane amesimama wima, mikono nyuma. Alipomaliza aliuliza, "Kipande chako cha kujaribia kiko wapi?"

Binti hakuwa nacho.

"Sifuri," Mwalimu akasema.

Chuo kikafa. Mwezi haukuisha, binti akaondoka nyumbani na mfuko mmoja. Akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akashona mifuko ya mashati, mfuko wa kushoto tu, miaka na miaka, mpaka akawa msimamizi. Salamu alimtumia baba yake. Mama yake, hata jina hakulitaja. Ikapita miaka kumi na tisa.

Katika miaka hiyo Mwalimu naye alifumuliwa, ndiyo desturi ya dunia. Somo lake lilifutwa. Ilisemwa wasichana wa sasa wanataka kompyuta. Cherehani zikauzwa kwa mtu wa vyuma chakavu. Siku ya kuzibeba, Mwalimu alipita na wembe akakata mikanda yote. "Kama hazifundishi, zisishone," akasema. Moja haikubebwa. Fundi aliiomba, akaibeba nyumbani begani, mzee mzima. Namba sita. Mkewe alimtazama akiingia nayo.

Kisha kisukari kikamlaza. Kikachukua macho nusu, kikachukua mguu, kikaacha ulimi. Mama Mpishi, ambaye sasa alikuwa jirani yao, alimletea uji. Mwalimu akaonja.

"Uji huu umepikwa au umesamehewa moto?"

"Na wewe utakufa lini, tupumzike?" Mama Mpishi akamuuliza. Ndivyo walivyopendana hao.

Siku ile ile alimwita mumewe. Alikuwa amekonda, nguo zake zote zimepunguzwa na kukunjwa ubavuni. "Sitalala kaburini na gauni la kukunja," akasema. "Nataka jipya, la kipimo changu. Mwite mtoto."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kuna kazi."

Binti alikuja. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mvi mbili tatu, mgongo umeinama kwa kukaa kiwandani. Aliamkia mlangoni. Mama yake akajibu marahaba kama anayejibu darasa. Alimpima mama yake, mabega, kifua, kiuno, na hakuna aliyezungumza ila namba. Fundi alikuwa ukutani. Alijua binti hakuja kwa ajili ya gauni. Alilifuata lile neno. Na Mwalimu alikuwa amebakiza siku chache za kulisema.

Binti aliingia chumba cha pili, akaiona cherehani.

"Hii si ndiyo ile?"

"Ndiyo. Ni nzima sasa, mama. Springi mpya."

"Sasa?" binti akauliza.

Fundi akakohoa, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Aliporudi alimkuta anakata vipande vya kujaribia. Cha kwanza akashona, akageuza, akatazama. Cha pili. Cha tatu. Cherehani aliyoitengeneza baba yake, aliijaribu mara tatu. Kila mara sindano iliposhuka, Fundi aliisikia mbavuni.

Siku mbili alishona. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akalipeleka gauni kitandani, akaliweka juu ya mapaja ya mama yake kwa mikono miwili.

Mwalimu akafumba macho. Dole gumba likaanza begani. Likashuka ubavuni polepole, likafika kiunoni, likazunguka, likashuka mpaka pindoni. Fundi alilifuata kwa macho. Halikukwaa popote. Binti alikuwa amefungua midomo kidogo, kama yule wa miaka kumi na miwili.

"Fumua," Mwalimu akasema.

Binti akanyoosha vipande. "Mama, nilijaribu kwanza. Vipande vitatu. Hivi hapa."

"Sijauliza vipande."

"Umekwaa wapi? Nionyeshe."

"Msimamizi mzima wa kiwanda anataka kuonyeshwa."

Hapo Fundi akatoka ukutani. "Mwalimu, vidole vyako havisikii. Asubuhi ulishika kikombe cha moto, umetoka lengelenge, hukujua. Tazama dole lako."

Kweli lengelenge lilikuwepo, limejaa maji, juu ya dole lilelile. Mwalimu akalificha ndani ya ngumi.

"Nyamaza wewe. Toka lini asiyejua kushona kifungo akasahihisha?"

"Mshono umenyooka," Fundi akasema. "Na ule wa mtihani ulinyooka. Springi ndiyo ilikuwa mbovu. Niliifunga mimi, nikijua."

Binti aligeuka. Kabla hajapata la kusema, sauti ikatoka kitandani.

"Na mimi nilijua."

"Ulijua nini?" binti akauliza.

"Kwamba mashine ilikuwa mbovu. Miaka yote ile nazisikiliza, nisijue? Namba sita ilikohoa toka mshono wa kwanza."

"Ukanipa sifuri."

"Mkaguzi alitaka kujua kosa ni la mashine au la mtu. Ningesema mashine, baba yako angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Asiyejua kusoma, angeshika njia gani? Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba na akili kichwani. Katika nyinyi wawili mmoja ilibidi afumuliwe. Nikachagua kitambaa kipya." Akavuta pumzi. "Na ungejaribu kwanza, tusingefika huko."

"Sikujaribu kwa sababu ni Baba aliyeitengeneza!"

"Hilo ndilo nililokupa sifuri," Mwalimu akasema.

Nje Mama Mpishi alikuwa anatwanga kitu, kinu kikisema peke yake.

Miaka kumi na tisa binti alimchukia mtu mmoja. Sasa alimtazama wa pili.

"Ulikuwa dirishani," akamwambia baba yake. "Nilikuchekea."

"Ndiyo."

"Ukanipungia tambara."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama." Akanyoosha mkono kitandani. "Mwalimu, naomba wembe."

Mwalimu akaupapasa chini ya mto, akampa. Binti akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akafumua gauni zima. Hakuchana mahali. Mikono, kola, mbavu, pindo. Mwalimu alikuwa amelala anasikiliza, krr, krr, krr, na mwisho akasema, "Angalau kufumua amejifunza vizuri."

Binti akakunja vipande, akavipanga, akaweka wembe juu yake, akamwekea baba yake mikononi.

"Fundi," akasema. "Shona."

Akachukua mfuko wake, akahamia kwa Mama Mpishi, ukuta wa pili.

Mwalimu aliishi siku mbili zaidi. Ya mwisho aliuliza, "Gauni limefika wapi?"

"Linakuja."

"Nani anashona?"

"Mimi."

Mwalimu alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mumewe akamwinua mgongo. Miaka mingi hakuwa ameisikia sauti hiyo. "Basi ningoje," akasema alipotulia. Hakungoja. Asubuhi alikuwa amekwenda.

Majirani walisema azikwe na gauni lolote, la kukunja si dhambi. Fundi akasema hapana. Alifunga mlango wa chumba cha pili, akakaa mbele ya namba sita, upande ambao hakuwahi kuukalia. Maisha yake yote alikaa upande wa skrubu.

Akakata kipande cha kujaribia. Mshono ukaenda kama mlevi anayetafuta kwao. Akakata kingine. Na kingine. Cha nane kilikuwa na nafuu, cha tisa kikaharibika tena. Cha kumi na moja alikigeuza, akaona uzi umekaa, akajiambia basi. Akashona gauni. Alipolinyanyua, mkono wa kulia ulikuwa umekaa kushoto, na ubavu umejikunja kama nyoka aliyekanyagwa.

Akachukua wembe, akafumua. Akashona tena. Mikono sasa ilikaa mahali pake. Ubavu ulikuwa nyoka yuleyule, ila amenyooka mkia. Wembe ulikuwa pale. Akaushika, akauweka chini. Binti alikuwa amefumua mara moja, yeye mara moja. Kitambaa kinavumilia mara mbili.

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyovalishwa.

Wanafunzi wake walikuja kumzika, wengi kuliko watu walivyotegemea. Wanawake wazima, wengine bibi wa wajukuu. Walisema walikuja kuaga, lakini wengine walikuja kuhakikisha. Waliinama kwenye jeneza mmoja mmoja, na kila aliyeinama aliuona ubavu ule.

"Jamani," alinong'ona mmoja, muuza mitumba, mnene, ndiye yule Mfiwa wa zamani. "Wembe leo kavaa mshono wa darasa la kwanza." Mabega yakatikisika, leso zikafunika midomo.

"Nani kashona?"

"Nani mwingine? Si binti yake huyo hapo, wa kiwandani? Mtu anashona nguo za kuuzwa ng'ambo, mama yake anamshonea hivi."

"Kisasi hicho. Huyu mtoto ana roho ya paka."

Binti alisikia. Alikuwa hatua mbili tu. Fundi pia alisikia, na hapakuwa na kioo katikati safari hii. Akasogea mpaka kwenye jeneza.

"Gauni nimeshona mimi," akasema kwa sauti, mbele ya wote.

Wakamtazama kwa huruma. Muuza mitumba akamshika bega. "Pole, baba yetu. Sisi tunakujua, hata kifungo hujui kushona. Usijisumbue kumfunika mtoto."

"Ni mimi. Nawaambia ni mimi."

"Haya, baba. Ni wewe." Na wakatazamana.

Watu wakampisha binti. Aliinama juu ya mama yake. Akafumba macho, akapitisha dole gumba ubavuni, toka kwapani. Dole lilikwaa. Likakwaa tena, na tena, likapanda na kushuka mpaka kiunoni. Wanawake wote walikuwa wanangoja neno, kila mmoja alijua lipi, na midomo yao yenyewe ilikuwa inalitaka.

Binti akafumbua macho.

"Kazi yangu hiyo," akawaambia. "Fungeni."

Jeneza likafungwa. Muuza mitumba akasema, "Mmesikia?" na Mama Mpishi akamwambia afunge bakuli lake.

Walipotoka makaburini binti alienda moja kwa moja kwenye gari lililokuwa linamngoja, mfuko ulishakuwa ndani. Fundi akamfuata kwa mwendo wa uzee. Alimkuta ameshika mlango.

"Kwa nini umesema vile?"

"Mmoja ilibidi afumuliwe," binti akasema. "Nimezoea."

Fundi akasimama.

"Ulijaribu kwanza?" binti akamuuliza.

"Nilijaribu."

"Vipande vingapi?"

"Kumi na kimoja."

Binti alimtazama kidogo, kama anavyotazamwa mfanyakazi wa mwisho kwenye mstari, yule anayejitahidi.

"Na bado," akasema.

Akaingia, akavuta mlango. Fundi akarudi nyumbani kwa miguu, mkono mfukoni, vidole vikipapasa vile vipande vyake vya kujaribia kimoja kimoja. Kila kimoja dole lilikwaa.